Riali Kumi na Tisa

Nilikinunua Ruwi, mwezi wa Julai, saa ambayo hata kivuli
kinatafuta mahali pa kujibanza.
Kikuza sauti cha gitaa, wati kumi na tano, cheusi,
wavu wa fedha mbele kama meno ya bandia,
na jina la kampuni ambalo mwenye duka mwenyewe
alilitamka kila mara kwa namna mpya.
Riali kumi na tisa. Waya bure.

Mundhir wa bendi yetu hakukigusa.
"Mchina," alisema, akamaliza,
kama daktari anayefunga faili.
Yeye ana kile cha jina kubwa, alichokilipia miezi kumi,
akimaliza kupiga anakifunika shuka nyeupe.
"Kizuri chajiuza," akaniambia,
na kweli, changu nilikikuta mlangoni mwa duka
kinajitembeza.

Sitasema uongo kwa sababu ya mapenzi.
Kinakoroma. Kiwashe tu, usiguse uzi,
kinatoa shhh, kama yaya anayembembeleza mtoto asiye wake.
Kitufe cha besi kilibaki mkononi mwangu wiki ya pili.
Mwangwi wake ni wa chooni, si wa pangoni.
Kipandishe kupita nusu,
gitaa linageuka nyuki ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Lakini chini ya hapo,
usiku, Al Khuwair, ghorofa ya tatu,
viyoyozi vya jirani vikinguruma,
uzi wa tatu unatoka safi,
mviringo, kama tone lililoshika mdomo wa bomba
na halijaamua kuanguka.

Mwaka wa pili kikanyamaza.
Nikakipeleka kwa Sajani, fundi wa Kikerala,
mwenye Kiswahili cha wateja wake:
maneno arobaini hivi, yote ya kazi.
Akakifungua. "Spika nzuri. Transfoma nzuri.
Tundu hili bovu. Chomeka, chomoa, lehemu inakatika.
Hapa tu, mtu alibana baisa hamsini."
Akatia tundu la chuma. Dakika kumi na moshi mwembamba.
Halafu, bila kuulizwa, akanivutia kingine mezani,
cha jina kubwa, tumbo wazi:
mji uleule wa Guangdong umeandikwa ubavuni,
tundu lilelile, limekatika palepale.
Nikauliza cha nani. Akataja bei, hakutaja mtu.
Pembeni, juu ya kiti,
shuka nyeupe imekunjwa vizuri.

Mundhir sijamwambia.

Bibi yangu Zuweina alishuka Maskati na kasha moja,
na ndani ya kasha, ndani ya kanga tatu, bakuli.
Enzi zake mtu akisema "cha Uchina"
sauti ilishuka kwa heshima.
Kule Manah, kwao babu, mafundi wa kale
walipachika bakuli kama hilo kwenye mihrabu,
mahali ambapo hapawekwi kitu ovyo.
Basi neno lilianguka lini?
Na aliyeliangusha ni yule aliyefinyanga,
au ni sisi, tuliosimama sokoni na jasho letu
tukisema punguza, punguza, bado, punguza?

Nilichokiona Sajani alipokifungua
ni kibandiko cha kijani, namba ishirini na saba,
na kando yake, katika gundi iliyokauka,
alama ya dole gumba. Ndogo. Michirizi yote inaonekana.
Mtu alibonyeza hapo kwa sekunde moja
akanyoosha mkono kuchukua kingine.

Bado kinakoroma.
Kitufe cha besi nimekiwekea
kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi,
nacho kinazunguka vizuri kuliko kile cha mwanzo.