Mawese Yaliyoganda

Saa kumi alfajiri, Lubumbashi, mwezi wa sita.
Baridi imekaa juu ya matangi kama mdai.
Mawese yameganda ndani ya pipa;
nikiyagonga kwa fimbo yanajibu kama ukuta.
Boila imezimika tangu saa tano,
na mafuta yaliyolala hayashiki jiwe.

Kazi yenyewe ni ndogo ukiisema haraka:
mawe yanasagwa hadi uji,
mafuta yanaivika koti punje ya kijani,
punje inachukia maji, inakumbatia kiputo,
kiputo kinapanda nayo.
Ukiisema polepole, ni kesi.

Kwa sababu maji hayaji peke yake.
Haya yamerudi kutoka bwawani mara ya ngapi sijui,
mvua ya mwisho ilikuwa Aprili,
na kila safari yanarudi na chokaa zaidi.
Numbi wa maabara ananimulikia daftari kwa tochi:
ugumu umepanda tena.
Povu lilishaniambia. Limekauka, la kijivu,
limesimama kwenye mdomo wa tangi, halimwagiki,
kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.

Kisima chetu kule Katuba kina maji ya namna hiyo.
Kaimba anasugua kola ya shati langu,
sabuni inageuka ukoko mweupe pembeni mwa beseni.
“Chokaa inakula sabuni,” husema,
kisha hutupia magadi,
yaleyale anayolainishia maharage.
Nilisoma miaka mitatu kuyajua hayo
kwa majina marefu zaidi.

Basi nikamwaga magadi, gunia na nusu,
nikamwamsha Mwepu wa boila kwa matusi ya kiungwana.
Digrii kumi na sita.
Ishirini na nane.
Arobaini, na ukumbi ukanuka jikoni,
nikakumbuka sijala.
Tangi la tatu likakohoa kwanza,
kisha viputo, vidogo, vyenye majimaji,
mgongoni kijani.

Lakini saa tano za shaba zimekwishateremka bwawani.
Zitaandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa jina langu,
na maji yaliyozichukua
yatarudi hapa Alhamisi, magumu kuliko leo,
bila kuomba radhi.

Numbi amekuja kupima tena.
Kipimajoto kiko mfukoni mwake.
Amelishika bomba la mvuke kwa viganja vyote viwili,
amefumba macho,
na mimi sijamuuliza namba.