Kinachozama

Mwezi wa pili, juu ya Matamba. Mvua imenipa dakika kumi.
Nimepiga magoti kwenye nyasi za Kitulo,
penseli mdomoni, maana kalamu ya wino
huku juu hugoma kwa baridi,
na ninahesabu.

Moja, ya zambarau, shingo imepinda
kama ya mtu anayesikiliza mlangoni.
Mbili, nyeupe, ndevu zimelowa.
Tatu: tohe kaling'ata. Nimeandika, halina kichwa.
Nne.

Kitabuni yana majina ya Kilatini,
marefu, yaliyovaa tai.
Mama aliyaita yote kwa jina moja: ada.
“Ada ya muhula wa kwanza iko bonde lile,” angesema,
akinyoosha kidole kwenye ukungu
ambamo mimi sikuona kitu.

Hakuwahi kulitazama ua.
Alilifuata bua hadi chini kwa kijembe kisicho na mpini,
polepole, kama muuguzi anayetafuta mshipa,
na chini mlikuwa na viazi viwili.

Viwili, kila ua. Kimoja cha mwaka jana:
kimenywea, ngozi makunyanzi,
kimetoa chote kilichokuwa nacho
kikakipandisha juu kikawa rangi.
Cha pili ni cha mwakani, kigumu, cheupe,
hakijui lolote.

Jioni alivimwaga vyote kwenye ndoo ya maji.
Cha zamani kilielea. Kipya kilizama.
“Kinachozama ndicho anachonunua Simkoko,”
na mkono wake ukaingia ndooni hadi kiwiko,
ukapita katikati ya wazee wanaoelea
kuwafuata watoto.

Debe la Simkoko lilikuwa na tumbo.
Alilipiga nyundo kwa ndani, kijiji kizima kilijua,
na kijiji kizima kilimpimia.
Gunia likashuka kona hamsini na saba hadi Chimala,
likaenda Tunduma, likavuka.
Ng'ambo huko, wanasema, hutwangwa pamoja na karanga
na kukatwa vipande kama mkate.
Sijawahi kuonja.

Mimi nilishuka kona zilezile mwezi wa kwanza,
sanduku la bati juu ya magunia ya viazi mviringo,
sketi ya bluu yenye pindo la kunisubiri nirefuke.
Kona ya thelathini na moja nikatapika.
Sikujiuliza debe moja lina maua mangapi.
Hesabu hiyo nimekuja kulipwa mshahara kuifanya.

Mwaka huu Tabita Luvanda, mama yangu,
kasema anataka kuona kazi ninayofanya.
Tumepanda taratibu, tukipumzika kila jiwe.
Kafika kwenye mteremko huu, kasimama.
Nyasi tupu. Upepo unazilaza, zinaamka.
“Hapa,” kasema, “ni kidato cha pili.”

Sikupata la kujibu. Nimefungua daftari,
nikaandika tarehe, mteremko, sifuri.
“Na sifuri nayo inaandikwa?”
“Inaandikwa, mama.”
“Unalipwa?”
“Ninalipwa.”
Kacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

Kisha kachuchumaa, kwa shida, goti moja kwanza,
na vidole vyake vikaanza kupita kwenye nyasi
vyenyewe, bila kumwomba ruhusa.
Ghafla kiganja kikatua chini, kikafunika kitu,
na macho yake yakageuka kushoto, kulia,
kama zamani, mchimbaji mwingine asije akaona.

Tumekaa hivyo. Ukungu umetufikia.
Nilikuwa nausikia unavyodondoka kwenye kofia yangu.

Kakiinua kiganja kidogo kidogo.
Jani moja, si refu kuliko ukucha wake.
Bua hakuna, ua hakuna.
“Hili nalo,” kauliza, “lina namba?”