Safu ya Jina

Daftari la mwalo wa Rutinda lina safu nne:
tarehe, jina, kilo, bei.
Tatu nazijaza bila kuinua kichwa.
Ya jina hunikwamisha kalamu.

Kyarisiima anabwaga ndoo mezani,
ndani mna mkwaruzo
kama kijiko kinachokwangua ukoko.
Wekundu. Makoleo juu,
macho yamesimama kwenye vijiti.
"Andika kamba," asema dereva wa hoteli.
Kamba? Kamba kwetu ni ya mbuzi.
Bibi yangu alikufa hana neno la kumwita huyu,
naye alijua hata majina ya matope.

Walifika lini? Wengine husema kwa lori,
ndani ya pipa, na karatasi yenye muhuri.
Wengine: ziwa lilikuwa na njaa, likaota meno.
Mimi nilizaliwa nikawakuta.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alishuka na majembe yake mawili
akaanza kulima usiku uleule,
kingo za Bunyonyi zikawa chungio,
mafunjo yakalegea mizizi,
vyura wa ng'ambo wakapunguza maneno.
Fisi-maji ndiye aliyenenepa.
Kinyesi chake kinang'aa juu ya jiwe
kama vigae vya chungu.

Na ada ya Orikiriza, muhula wa pili,
ililipwa na hawa hawa. Hilo nalo liandikwe.
Wapi? Hakuna safu.

Mjomba Ngabirano alihamia Kibaale
na mke, jembe, kuku watatu.
Miaka thelathini alilima, alizika, akazikwa huko,
na hadi kaburini walimwita yule wa kuja.
Simfananishi na mtu wala mdudu.
Nasema tu nilimkumbuka
nilipokuwa nimeshika kalamu.

Jioni, mizani imekwisha kufunikwa,
mmoja alikuwa chini ya meza.
Alininyanyulia makoleo,
yeye, urefu wake kalamu yangu,
akaanza kurudi kinyumenyume,
changarawe, nyasi, matope,
akinikazia macho mpaka majini.
Mguu wangu ulikuwa karibu.

Tarehe kumi na nne. Kilo tisa na nusu.
Shilingi elfu hamsini na saba.
Jina:
hapo wino umeacha doa.