Kilichopona

Nimeinunua kwa Fundi Semboja, barabara ya nane, Ngamiani,
kati ya redio zisizo na sauti na pasi zisizo na waya.
Laki tatu na nusu, fungu langu la kikoba.
Mabati yatasubiri.
"Mama Mwanakombo," akasema, "huyu ni Mtaliano.
Alishuka kwenye kontena amekufa ganzi.
Nimempa mpira mpya, pampu ya Kichina,
nimemkwangua tumboni chokaa kibaba kizima.
Miezi mitatu, akikugomea, mrudishe.
Akigoma mwezi wa nne, ni wewe na Mola wako."

Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda.
Hawakusema kitu juu ya kidonda kilichopona.
Ubavuni ana kovu refu la kuchomelewa,
na miguu mitatu ya mpira.
Wa nne ulibaki huko alikotoka.

Miaka thelathini na moja napika kashata.
Sukari, nazi, iliki, tone kwenye maji baridi
kujua kama imeshika. Kisha kisu: mraba, mraba, mraba.
Zikitoka kwenye sinia langu zinakwenda vibarazani,
wanaume wanazitafuna wakivunja serikali na kuiunda upya,
wakifunga mabao yote waliyokosa Coastal.
Sikukatazwa kukaa pale. Hakuna aliyenikataza.
Hakuna aliyesogea kwenye benchi, vilevile.

Siku ya kwanza alinitemea maji ya kahawia.
Ya pili, uchungu wa mwarobaini.
Ya tatu Luku ikaisha katikati ya mngurumo,
nikabaki nimeshika mkono wake wa chuma
kama mtu aliyeng'oa kitasa cha jirani.
Kosa lilikuwa kinu. Kinu hakijui usawa:
punje hii unga, punje hii changarawe,
na maji ni mtoto mvivu, yanapita penye nafasi.
"Saga, usitwange," Semboja akaniambia.
"Halafu gandamiza kama unavyogandamiza kashata zako,
si kama una ugomvi na mtu."
Kumbe mkono ulikuwa unajua,
haujaulizwa tu.

Siku ya kumi na moja, au na mbili,
mshale wa geji ukapanda hadi tisa, ukatulia,
uzi ukashuka mwembamba, rangi ya ganda la tende,
na juu yake povu zito, kama samli inayoanza kuyeyuka.
Nikanywa nimesimama.
Kisha nikavuta kigoda, nikakaa.
Nani ataniuliza?

Kila Ijumaa namnywesha maji ya ndimu,
maana maji yetu ya Tanga yana mawe ndani,
birika langu ni shahidi.
Anakohoa, anatema vipande vyeupe
kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.
Namwambia, pole, toa, toa yote.

Jana alasiri Mbaruku kaja kuchukua sinia,
vikombe vinalia kiganjani mwake tangu kona ya msikiti.
Nikamwambia, weka dele chini, ukae.
Akachungulia kikombe nilichompa.
"Hivi tu? Hii ni kahawa au dawa ya macho?"
Akanywa. Akanyamaza.
Mkaa ukapasuka chini ya dele lake.
Akalamba mdomo wa juu, akatazama ule mvuke,
akatazama kovu.
Halafu akaingiza mkono mfukoni,
akapanga mezani sarafu mbili, moja juu ya moja.
Nikasema, Mbaruku, chukua hela zako.
Akasema, "Mimi ninavyowadai wanaume wa mji huu,
leo ninywe nisilipe?"
Akajitwika sinia, akaenda zake.

Zile sarafu sikuzitia kwenye kopo la kikoba.
Nimemwinua Mtaliano kidogo, nikazisukuma chini,
pale penye mguu uliopotea.
Hayumbi tena.