Pengwini na Marehemu Mrefu

Mimi, mkiniuliza, ni mtu wa filamu za makala.
Nipe ile sauti nzito ya mtu asiyeonekana,
nipe barafu, nipe ngamia, nipe mchwa
wanaojenga miezi sita mnara wasiotumwa na mtu,
nitakaa hapo mpaka chai ya maziwa ifanye utando.

Nina kinyongo kidogo, lakini.
Ile ya jangwa letu, kwa mfano:
wameruka na ndege juu ya mchanga wa Sharqiya
wakasema, "Hapa haishi mtu,"
na mimi namjua mtu.
Namjua kwa jina. Ananidai riali ishirini.

Vichekesho vya kigeni sikuviweza.
Mzungu anateleza, Mkorea anazabwa kofi,
maandishi ya Kiarabu yanafika chini ya kioo
kicheko kimeshavaa viatu na kuondoka.
Nilisema mbele ya watu, na sikuona haya,
kuwa kichekesho cha kusomwa
ni halwa ya kusimuliwa kwa simu.

Kisha Mbarouk akafariki, mwezi wa saba,
na shangazi yangu Zuwena akakaa eda.
Miezi minne na siku kumi, nyumba ya Mabela,
pazia chini, kiyoyozi kinanguruma,
mikono haina hina.
Nikampelekea kilicho bora kwangu: pengwini.
Akamtazama dume aliyesimama na yai miguuni,
usiku, upepo, mwenziwe yuko baharini.
Akasema, "Zima. Huyu ananisema mimi."

Usiku wa hamsini na ngapi sijui
Ghania, mjukuu wake, akabonyeza kwa kubahatisha:
nchi fulani ya baridi, lugha kama kikohozi,
maiti wawili, majeneza mawili, gari moja,
na mzee kapelekwa kwenye msiba usio wake
wanamlilia hivyo hivyo, kwa adabu.

Shangazi Kiarabu hukisoma polepole,
kama mtu anayechambua mchele.
Safari hii akayaacha maandishi yapite zake,
akaanza kututafsiria kwa Kiswahili cha Wete,
maneno ya kichwani mwake:
"Huyu anauliza, nani kamleta babu huyu, mbona mrefu?
Yule anamjibu, nyamaza, wali ushaiva."

Akacheka.
Akaziba mdomo, akautazama mlango,
akacheka tena, bila kuziba,
mpaka Ghania akakimbilia maji
na mimi sikujua nitazame wapi.

Filamu yenyewe, kwa haki ya Mungu, haina maana.
Ndefu, muziki mwingi, mwisho wameutupa.
Na mimi ni mtu wa makala mpaka leo.
Ila kesho yake nilipita, nina mpya mfukoni,
maisha ya kasa wa Ras al-Hadd, picha safi kabisa,
na kabla sijavua viatu shangazi akaita toka ndani:
"Weka ile ya marehemu mrefu.
Kuna pahala jana nilimsemea vibaya."