Fomu ya Uhamisho

Wandabwa anadunda mpira uwanja wa Mamboleo,
saruji imepasuka, naye hakosi pete.
Futi sita na inchi nane. Mlinzi wa geti amezima redio.

Mfukoni mwangu fomu yake imekunjwa mara nne.
Chuo alikotoka, Bungoma, daftari la mhasibu limekamatwa:
jina lake mstari wa tisa, elfu arobaini,
"nauli."

Nauli gani, na bweni hatua kumi kutoka uwanjani?

Nikitia saini, huenda ligi ikatupokonya pointi,
na kina Apondi waliozifunga kwa jasho wakahojiwa.
Nisipotia, wa Nakuru atatia kabla ya jioni.

"Kocha, zile ni mabati ya mama."

Mvua inaanza.
Kalamu, namwambia, nimeisahau ofisini.
Iko nyuma ya sikio langu. Anaiona.