Chini ya Kijani

Maji yamefungwa jana saa kumi jioni.
Mfereji mkuu umebaki tope na kambale wawili
wanaogombania dimbwi moja,
na watoto wa Chekereni wamekwisha kuwaona.
Huu ndio mwezi wangu wa rangi.

Naishi ndani ya kitu kisicho na jina la kueleweka.
Aikande, kabla hajarudi kwenye migomba ya kwao,
alikiita *bati lako*.
Karani wa kata aliandika: makazi, mengineyo.
Ni karavani la mradi, refu, jembamba;
wapima mifereji walilala humo,
wakaliacha siku ekseli ilipokatika.
Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili.
Tairi zilikufa zamani, limekaa juu ya matofali,
lakini maji yakifunguliwa usiku
yakaanza kupita chini ya dirisha,
naapa linasogea.

Kutu haina likizo.
Huanzia kwenye skrubu, doa dogo kama tone la chai;
ulipuuze masika mawili
utatoboa ukuta kwa kidole.
Basi: msasa namba sitini, puti, msasa tena,
praima nyekundu ile ya mageti,
halafu kijani. Kila mwaka kijani.
Si kwa mapenzi. Mwaka ule wa kwanza
muuza rangi wa Mbuyuni alikuwa nayo hiyo tu,
nami sikuwa na hela ya kuchagua.

Safari hii nimekwangua mpaka chini, upande wa jiko,
maana rangi ilivimba malengelenge.
Kijani, kijani, kijani kilichopauka,
kisha buluu niliyokwisha kuisahau
(Aikande alikuwa bado yupo),
kisha kijivu cha mradi,
na juu ya kijivu, kwa penseli ya seremala,
mwandiko wangu mwenyewe:

KIRITA MADEBE MAWILI

Nikasimama na msasa mkononi.
Mbegu, nadhani. Mwaka ule kweleakwelea
walitua shambani kama wamealikwa.
Kirita tulimzika. Nilibeba jeneza upande wa miguu,
nikala wali wa msiba wake, nikanawa,
na muda wote huo ukuta wangu
ulikuwa unajua.

Ningeweza kupaka. Brashi ilikuwa imelowa tayari.

Nikapima madebe mawili ya mchele,
nikayafunga kwenye keria ya baiskeli,
nikaisukuma kwa ukingo wa mfereji mkavu
hadi kwa Ndeshi, bintiye.
Alikuwa anapepeta. Hakuacha kupepeta.
"Baba hakuwahi kusema."
"Ukuta ndio umesema."
Akacheka mpaka pumba zikamwingia jichoni.
Deni la mbegu, akasema, halilipwi kwa mchele,
utapanda nini?
Lakini debe moja akaliingiza ndani,
la pili akalifunga upya, kwa fundo zuri kuliko langu,
akauliza ngazi yangu ina miguu mingapi mizima.
"Mitatu."
"Nitakuja kushika wa nne."

Sasa ameushika. Mimi niko juu, napaka lami
kwenye maungio ya paa, magoti yananung'unika,
na yeye kutoka chini ananionyesha
kila mahali nilipoparuka.
Amekuja na nusu kopo la njano
lililobaki kwenye geti la shemeji yake.
Mlango, anasema. Angalau mlango.
Nimemwambia nitafikiri.
Nimemwambia pia asiguse pale upande wa jiko:
kipande cha kijivu, upana wa kitabu cha shule,
nimekizungushia karatasi ya gundi.
Hakuuliza.

Leo Ijumaa. Lango kuu wanafungua Jumatatu,
na rangi ya mafuta inataka siku tatu kamili.
Kuna wingu mgongoni mwa mlima
ambalo sijalipenda tangu asubuhi.
Ndeshi amekwisha kufungua kopo.